Jeshi Nililolitia Tumboni mwa Mama

Kwetu Bagamoyo mtu akiumwa tumbo anapata madaktari arobaini kabla hajamwona daktari wa kwanza. Mama yangu aliumwa karibu mwaka mzima, na madaktari wake wote walikuwa wamejifunga khanga. Jirani wa kulia alisema ni vidonda vya tumbo, anywe maziwa. Jirani wa kushoto akasema maziwa ndiyo yanayommaliza, ayaache. Shangazi alileta mizizi kutoka Saadani, michungu kiasi kwamba kuku aliyeonja ile iliyomwagika uani hajataga hadi leo. Shehe wa mtaani akaandika kombe, aya za Kurani zilizosuuzwa kwa maji, Mama akalinywa, na hilo ndilo pekee lisilomtapisha.

Mimi ni fundi cherehani. Nilizipunguza sketi za Mama kiuno mara ya kwanza, nikazipunguza mara ya pili. Aliponiletea mara ya tatu, na jana yake ameshiba kwa matonge mawili tu ya ugali, nikaweka mkasi chini nikamwambia, "Hapa hatushoni tena. Tunakwenda Dar."

"Dar kuna nini?" akauliza.

"Kuna daktari asiyevaa khanga."

Huko hospitali walimpitishia mpira wenye kamera kooni hadi tumboni, wakanyofoa kinyama kidogo, kikapelekwa maabara, wakampiga na picha za mwili. Majibu yalikaa wiki tatu, ambazo kwa hesabu yangu zilikuwa miaka saba na ushei. Siku ya kuyachukua tulikwenda watatu: Mama, kaka yangu na mimi. Tulipoitwa, kaka akamchukua Mama wakanywe juisi ya miwa, mimi nikaingia peke yangu. Hivyo ndivyo kwetu. Mgonjwa haambiwi. Wanaambiwa wengine wote, hadi muuza mkaa, ila mwenye mwili haambiwi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wa mdogo wangu. Akatazama kiti cha pili kilichobaki kitupu.

"Mama mwenyewe mbona haingii?"

"Ana presha," nikasema. Mama hana presha hata ya kuazima.

Akaguna, lakini akaendelea. Ni saratani ya tumbo. Kwa jinsi picha zinavyoonyesha haijasambaa. Ataanza na dripu za dawa kwa miezi kadhaa, kisha upasuaji, kisha dripu tena. Nikahisi sakafu inakwenda zake. Nadhani aliniona, maana akasogeza karatasi karibu na kusema, "Kuna jambo moja jema humu. Aliyekitazama kile kinyama kwa hadubini ameandika kwamba ndani ya uvimbe kuna seli nyingi za kinga."

"Limfosaiti?" nikauliza.

Akaniangalia kama mtu aliyemwona mbuzi akifungua mlango kwa ufunguo.

Hapa lazima nieleze. Niliishia darasa la saba, nikaolewa, nikazaa watatu, ndipo nikarudi shule ya jioni. Kidato cha nne nimekimaliza umri ambao wenzangu walikuwa wakiozesha. Baiolojia nilipata C, na C ya mwanamke anayesoma huku ananyonyesha ni sawasawa na A mbili za mtu aliyelala akashiba usingizi. Kwa hiyo limfosaiti ninazijua, na nilikuwa nimezisubiri maishani mwangu zije zinifae mbele za watu.

"Ndiyo hizo hizo," akasema daktari, na sasa akaongea nami kama mtu na mwenzake. "Imeonekana kwa wagonjwa wengi wa saratani ya tumbo: wale ambao seli hizi zimeingia kwa wingi ndani ya uvimbe wenyewe, mara nyingi wanaishi muda mrefu kuliko wale ambao seli zimebaki nje zinazungukazunguka. Ni dalili njema. Lakini si dawa, dada yangu. Na ni habari ya watu wengi kwa pamoja, haituambii mtu mmoja atakuwaje. Matibabu yako palepale."

Ya kwanza niliisikia kwa masikio yote mawili. Ile ya baada ya "lakini" niliisikia kwa kisigino.

Tulipofika nyumbani watu walikuwa wamejaa uani, na nyuso zao zilikuwa nyuso za msibani. Mama akaingia ndani kulala. Wakanizunguka. Ningefanyaje? Neno lile lilikuwa halitamkiki, na mimi mdomoni nilikuwa na habari moja tu tamu. Nikawapa. Nikawaambia mwili wa Mama una askari, na hao askari hawakusubiri kuitwa. Nikasema mnawajua sungusungu wa mtaa wetu, wanaopiga filimbi mwizi akishavuka hadi Zanzibar? Basi hawa si hao. Hawa wamevunja mlango, wameingia chumbani kwa mwizi, wamembana kila pembe. Mmoja akauliza wako wangapi. Daktari hakusema wangapi. Nikasema mamilioni, wamejipanga safu kama sala ya Idi.

Watu wakashusha pumzi. Shangazi akapiga kigelegele kidogo, cha kupima tu. Nami nikajiona nimefanya kazi kubwa.

Miezi ya dripu ilipita, na jeshi langu likapita mitaa yote. Kila aliyekuja kumjulia hali Mama alilikuta limeongezeka. Mama mwenyewe aliambiwa ana "uvimbe", na kwamba tumboni mwake mna askari wanaopigana nao; akawa analiwekea tumbo mkono na kusema, "Hujambo afande?" Nywele zilimtoka, alitapika, alituchukia sote kwa zamu. Lakini kuelekea mwisho wa dripu tumbo likapoa kidogo. Akala nusu sahani ya wali. Siku nyingine akala samaki mzima. Mwanamke aliyekuwa hamezi maji, anamnyonya changu hadi miiba!

Hospitali ikapanga upasuaji: Jumatatu. Ndipo Mjomba akateremka kutoka Miono.

Sisi ni Wakwere, na kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Baba angekuwa hai angekaa pembeni. Kaka ana ndevu na watoto wanne, naye hukaa pembeni. Mama hapasuliwi hata jipu kama kaka yake hajasema ndiyo. Nikampokea Jumanne, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba ndefu ya mtu mwenye furaha, na kabla hajavua viatu akasema, "Alhamisi tunasoma dua ya shukrani. Nimeshamwambia shehe. Mbuzi yuko njiani."

"Shukrani ya nini, Mjomba?"

"Ya mama yako kupona."

"Hajapona. Jumatatu anapasuliwa."

Akacheka, akaketi, akaniita nikae karibu kama mtoto wa chekechea. "Mwanangu, weye umesoma. Uvimbe uko wapi?"

"Tumboni."

"Na askari wako wapi?"

"Ndani ya uvimbe."

"Na hao madaktari Jumatatu wanataka kukata nini?"

"Uvimbe."

"Ehee!" Akanipiga paja. "Yaani wanataka kuwakata askari wetu! Mwizi kazingirwa, anakaribia kusalimu amri, halafu mtu anakuja kuibomoa nyumba na polisi wamo ndani. Hiyo akili?"

Wallahi nilifungua mdomo na C yangu ya baiolojia haikutoka. Miaka minne ya shule ya jioni, nimesoma kwa mwanga wa simu, nimejifunza hadi viungo vya panzi, na mzee ambaye hata kalamu huishika kama jembe amenifunga goli katikati ya uwanja wangu mwenyewe. Uwanja nimetengeneza mimi. Mpira nimeleta mimi.

Nikampigia daktari. Hakucheka, ingawa nadhani alikuwa ameziba mdomo. Akanieleza taratibu, na mara hii nilisikiliza hadi nukta ya mwisho. Seli za kinga hazikai sehemu moja: zinazaliwa kwenye uboho wa mifupa na kuzunguka mwili mzima. Zile zilizomo ndani ya uvimbe mara nyingi zimechoka, na uvimbe wenyewe una mbinu za kuzilegeza zisifanye kazi. Kuutoa uvimbe hakuuvui mwili kinga yake. Na wale watu wanaosemwa kuwa wameishi zaidi, wengi wao walikuwa wamepasuliwa.

Nikakimbia na maelezo hayo uani.

"Wamechoka?" Mjomba akauliza. "Si ulisema wamejipanga kama sala ya Idi?"

"Niliongeza, Mjomba."

"Uliongeza lini? Ulipowasifu, au sasa unapowaponda?"

"Niliongeza nilipowasifu."

"Basi huenda leo ndiyo unaongeza," akasema Shangazi, huku anachambua mchele wa pilau. "Mtu mwenye kuongeza haijulikani anaanzia wapi."

Nikamgeukia kaka anisaidie. Kaka akasema yeye hapingani na Mjomba, na tena Mama anakula, kwa nini tumharakishe. Nikamwambia dripu ndizo zilizompa nafuu, na nafuu haikai milele. Akasema, "Sasa unaona, hata dripu umezitukuza." Siku mbili nilizunguka ile nyumba kama nzi ndani ya chupa. Kila niliyemfafanulia alinirudishia maneno yangu mwenyewe, tena yakiwa yamepigwa pasi. Na kumwendea Mama mwenyewe nikamwambia jina la ugonjwa wake, hilo nilishindwa. Nilisimama mlangoni pake mara tatu. Mara zote tatu nilimuuliza kama anataka chai. Alhamisi asubuhi akaniambia, "Weye, chai hiyo unaiuza au vipi?"

Alhamisi alasiri majamvi yakatandikwa. Shehe akafika na kitabu chake, pilau likawa linanukia hadi barabarani, Mama amevaa dera jipya nililomshonea mwenyewe na kilemba cha kufunika kichwa kisicho na nywele. Jamaa wa Miono wakaketi upande mmoja, majirani upande mwingine. Mjomba akakohoa ili aanze.

Kabla hajaanza, tukasikia kilio mlangoni.

"Uwiii! Uwiii jamani! Mkwere amekufa! Amekufa hata pilau lake halijaiva!"

Alikuwa mtani wetu. Ni Mnyamwezi, anakaanga samaki sokoni, ana mikono iliyojaa alama za mafuta ya moto na sauti inayoweza kuita mashua kutoka upande wa pili wa bahari. Wanyamwezi na sisi ni watani tangu enzi za mababu, na kila Mpwani anajua maana yake: mtani hakatazwi, hashitakiwi wala hanuniwi. Msibani anaweza kuketi juu ya jeneza akadai maiti amnunulie soda. Akaingia anapepesuka, amejitwika beseni tupu, akajitupa jamvini miguuni pa Mama.

"Nani amekufa, we Mnyamwezi mchawi?" Mama akasema, tayari anacheka.

"Wewe! Nimekuja mapema nichague khanga zangu kabla watani wenzangu hawajateremka na treni ya Tabora." Akainuka, akachungulia chumbani, akarudi anapima hewa kwa mkono. "Kitanda nacho nakichukua, ila kifupi. Ni cha kimo cha Kikwere. Miguu yangu itaning'inia."

Watu wakaangua kicheko, hata shehe. Mjomba akasema, "Mtani, keti basi, tunasoma shukrani, mgonjwa amepona."

"Amepona!" Akapiga makofi karibu kabisa na uso wa Mjomba. "Jamani Wakwere! Mtu ana kansa tumboni, amepangiwa Jumatatu apasuliwe, nyie mnamchinjia mbuzi ili asiende. Sasa huyu si maiti anayetembea? Nimelia mapema, kosa langu nini?"

Kicheko kikakatika. Lile neno lilikuwa limeketi katikati ya jamvi na hakuna aliyejua alichukue vipi aliondoe.

"Umesema nini?" Mama akauliza.

"Nimesema kansa. Kwani hukujua? Mtaa mzima tunajua. Paka wa soko la samaki anajua."

Mama hakumtazama tena. Alinitazama mimi. Nikamwona kaka anakodolea majamvi macho, nikamwona Shangazi anafunga mdomo kwa upindo wa khanga. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliwaonea wivu watu wanaojua kunyamaza.

"Mwanangu, ni kweli?"

"Kweli, Mama."

"Na wale askari wako?"

Sikuongeza hata punje, na nawaambia ilikuwa kazi kuliko kushona suti ya bwana harusi gizani. Nikasema, "Askari wapo. Hilo hospitali wameliandika. Ila hawajaushinda, wangekuwa wanauweza peke yao, uvimbe usingekuwepo. Daktari anasema watu wenye askari wengi namna yako, wengi wao hudumu zaidi. Hakusema ni wewe. Hajui. Na wengi wa hao walipasuliwa."

"Wakikata, askari wanakwenda na uvimbe?"

"Waliomo mle ndani, ndiyo. Wengine wanazaliwa mifupani kila siku."

"Mamilioni?"

"Sijui ni wangapi, Mama. Sikuwahi kuambiwa."

Akajipangusa uso kwa kiganja, taratibu, kama anayenawa. Kisha akamgeukia mtani. "Weye ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Mimi ningekuwa wewe ningekuwa na sura mbaya," mtani akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Lakini ningekwenda."

"Basi nakwenda."

"Hakuna basi hapo," Mjomba akasema. "Mimi sijatoa neno."

"Litoe, Kaka. Jumatatu ni karibu."

Nilijiandaa kwa hotuba ya polisi na nyumba iliyobomolewa. Haikuja. Mjomba alikuwa ameivua kofia yake anaigeuza mkononi, anaangalia ndani yake. Akasema bila kuinua kichwa, "Mdogo wetu alikwenda kupasuliwa. Nilisema ndiyo mimi. Alirudi juu ya kitanda, amefunikwa. Umebaki weye peke yako. Sasa unanitaka niseme tena?"

Hilo sikulijua. Nilijua tu kuna mama mdogo aliyekufa nikiwa tumboni. Sikuwahi kuambiwa alikufaje, wala nani alimruhusu. Watu wa nyumba yetu, wallahi! Tungekaa hapo tukabishana seli za kinga hadi Kiyama, na mzee habishani na seli hata kidogo.

Mama akamsogelea, akakaa naye bega kwa bega. "Na nikibaki hapa na uvimbe huu, Kaka, si nitafunikwa vilevile?"

Mjomba akaigeuza tena kofia. Mtani wetu, ambaye kunyamaza kwake kulikuwa kumefika kikomo, akasema, "Mzee, sema, ama nikulilie na wewe, beseni lina nafasi."

"Nenda," Mjomba akasema. Akavaa kofia. "Nenda, na mimi nakwenda nawe hadi mlango wa mwisho wanaoruhusu watu."

Shehe, aliyekuwa ameshika kitabu muda wote huo, akauliza kwa upole kama sasa tunasoma dua ya shukrani au dua ya safari. Hakuna aliyemjibu. Akasoma zote mbili, pilau likaungua chini.

Jumatatu Mama alitia saini fomu mwenyewe, kwa herufi kubwa. Walikata sehemu kubwa ya tumbo. Mjomba alisimama kwenye mlango ule wa mwisho saa zote, muuguzi akimwambia akae naye anasema amekaa vya kutosha Miono. Mama alipoamka alidai maji, alipokatazwa akamtukana kaka, na tukajua ni yeye.

Majibu ya uvimbe uliotolewa yalichukua wiki nyingine kadhaa. Niliyachukua pamoja na Mama, viti vyote viwili vimekaliwa. Seli za kinga ni nyingi, karatasi imesema. Daktari akasema ni dalili njema, dripu ziendelee, na vipimo kila baada ya miezi michache. Nikampigia Mjomba kutoka korido ya hospitali.

"Wapo?" akauliza kabla ya salamu.

"Wapo. Ni dalili njema. Bado kuna dripu, na vipimo. Hawawezi kuahidi."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Nilisikia jogoo wa Miono simuni. "We mtoto," akasema, "ulikuwa na maneno kama masika. Ongeza kidogo basi, mtu apate usingizi."

"Hakuna cha kuongeza, Mjomba."

"Hata safu moja?"

"Hata askari mmoja."

Akasema kumbe nimekuwa mchoyo, afadhali aje aisome hiyo karatasi mwenyewe, yeye asiyejua kusoma. Akaja kweli, na gunia la muhogo ambao Mama haruhusiwi kuula, akakaa kwetu siku kumi na moja.